Jino Lililong'oka na Jino la Kupandikizwa



Ndugu wasomaji, kijana mmoja wa Msimbati ameniletea swali, nami nimelikalisha mkononi mwezi mzima, kwani swali lenyewe lanihusu mimi kabla ya kumhusu yeye. Asema mama yake mzazi ameng'oka meno manne ya mbele, naye amesikia kwamba siku hizi yako meno yapandikizwayo ndani ya mfupa wa taya, yasiyovuliwa usiku wala kutiwa katika bilauri ya maji. Auliza mambo mawili. La kwanza, je, kufanya hivyo si kubadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu? La pili, je, auze mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba yake ili mama apate meno hayo?

Nitamjibu. Lakini sharti kwanza nieleze habari ya kinywa changu mwenyewe, ili asidhani kwamba namwandikia jambo nililolisikia tu barazani.

Miaka minne iliyopita meno yangu mawili ya mbele ya juu yalianza kucheza. Hayakuuma sana. Ufizi ulitoka damu kila nilipopiga mswaki, nami nikadhani ni ukali wa mswaki, nikapunguza kusugua. Kumbe ndivyo nilivyouzidisha ugonjwa. Nalitafuna mzizi wa mtunguja kama walivyotafuna wazee wetu, maumivu yakatulia, na meno yakaendelea kulegea kimyakimya. Mwisho yaling'olewa yote mawili kwa siku moja. Nikarudi nyumbani nikacheka na wajukuu juu ya pengo langu. Mtu wa miaka hamsini na kitu kuwa na pengo si ajabu katika nchi yetu hii ya Mtwara. Ming'oko ikichemshwa hulainika, pweza hupondwa kabla ya kupikwa, na maisha huendelea.

Basi jioni moja, yapata miezi sita baadaye, akaja bibi mmoja, mtu mzima kuliko mimi, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka 8 ambaye ni mwanafunzi wangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, Maalim." Kisha akamwambia mtoto, "Msomee Maalim wako ile sura uliyonisomea mimi jana." Mtoto akasoma Suratul Kawthar. Akaisoma kwa sauti nzuri, bila kusita, ila mahali pa thaa aliweka siin: Kausar. Bibi akaniambia kwa upole, "Nimemwambia sivyo, naye hunijibu kwamba ndivyo asomavyo Maalim."

Hakuongeza neno. Alikuwa na adabu kuliko mimi niliyekaa nusu mwaka nikijidanganya. Kesho yake niliwasomesha watoto wote mmoja mmoja, 31 kwa hesabu. Wakubwa walisoma sawasawa, kwa kuwa walinikuta na meno yangu. Wadogo 9, wale walioanza chuo baada ya meno kung'oka, walisoma kama yule mwenzao, na kosa lao lilikuwa langu.

Wenye kusoma tajwidi wajua kwa nini. Herufi za thaa, dhaal na dhwaa hutoka ncha ya ulimi ikikutana na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Faa hutoka ndani ya mdomo wa chini pamoja na ncha za meno yayo hayo. Wanazuoni wa kusoma hawakuacha jino hata moja bila jina: thanaya ni yale 4 ya mbele, rabaiyat 4 ya pembeni mwake, anyab 4 ndiyo machonge, kisha dhawahik 4, tawahin 12 na nawajidh 4, jumla 32. Waliyapa majina kwa kuwa huwezi kueleza herufi yatoka wapi bila ya kutaja jino. Hata dhwaad hutegemea ubavu wa ulimi na magego ya juu. Asiye na thanaya za juu, thaa yake huwa siin na dhaal yake huwa zaa. Na hili si la Kiarabu peke yake. Mimi katika miezi ile nilipotaka kusema thamani nilisema samani, na wenye duka Mikindani walidhani nataka kununua viti.

Katika maneno ya sokoni twaweza kucheka. Ama katika swala si jambo la kuchekesha. Suratul Fatiha haina thaa wala haina faa, lakini dhaal imo. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mtu abadiliye herufi ya Fatiha kwa herufi nyingine hafai kuwaswalisha walio na matamshi sahihi. Nalikuwa nikiswalisha katika msikiti wetu mdogo kwa miaka mingi. Siku ile nilimwomba kijana mmoja asogee mbele, nami nikarudi safu ya kwanza, kwa sababu ya vipande viwili vya mfupa visivyofika urefu wa ukucha.

Sasa tuje katika swali la kwanza la kijana wetu. Sharia yetu haikulidharau jino. Fidia ya jino moja lililovunjwa imewekwa kuwa ngamia 5. Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alivunjwa jino katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, nao ni mwaka 625 wa Miladi, alipigwa jiwe, ikavunjika rabaiya yake ya chini ya kulia.

Ama juu ya kurudisha kiungo kilichopotea, tunayo habari ya Arfaja bin As'ad. Huyu alikatika pua katika vita vya Kulab zama za ujahiliya. Akajifanyia pua ya fedha, nayo ikamnukia. Mtume (S.A.W.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, naye Tirmidhi ametaja kwamba wako wanazuoni waliofunga meno yao kwa dhahabu, na kwamba hadithi hii ni hoja yao. Tazameni basi: dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipambia, lakini ilipokuwa kwa kurudisha kilichopotea, ikaamrishwa.

Aliyelaaniwa katika hadithi ni mwenye kuyatenganisha meno yake kwa ajili ya uzuri, yaani meno mazima yasiyo na ugonjwa. Hilo kwetu kusini twalijua kwa macho. Wazee wetu wengi wa Kimakonde walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na akina mama walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Mimi nimewaona nikiwa mdogo, wakanipa ndizi na kunituma kisimani, nami siwataji kwa kuwadharau. Kila mtu alifuata alichokikuta. Nataka tu msomaji aone tofauti iliyopo. Kuchonga jino zima ni kubadili umbo. Kuweka jino pahali lilipong'oka ni kulirudisha umbo. Na yule avikaye dhahabu jino lake zima ili liwake achekapo harusini, asijifiche nyuma ya Arfaja.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: jino la kupandikizwa ni halali, maadamu limewekwa pahali pa jino lililopotea na hakutumiwa kitu najisi. Sharti hilo la pili nitalirudia, kwani wengi hawalijui.

Jino lenyewe hufanywaje? Asili yake ni tabibu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza jinsi mfupa unavyopona, akaweka katika miguu ya sungura vyombo vidogo vya madini yaitwayo titani. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeyashika madini yale kana kwamba ni sehemu yake. Miaka 13 baadaye, mwaka 1965, alimwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, na mtu yule aliishi na meno hayo hadi alipofariki mwaka 2006. Hata hivyo madaktari wenzake walimbeza muda mrefu. Ni baada ya mkutano wa Toronto, Kanada, mwaka 1982, ndipo ulimwengu ulipomkubali. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2014.

Namna ya kazi ni hii. Kinywa hutazamwa na kupigwa picha ya eksirei. Ufizi hutiwa sindano ya ganzi, ukafunguliwa, mfupa ukatobolewa kwa utaratibu, na ndani yake hutiwa skrubu ndogo ya titani iwe badala ya mzizi. Kisha husubiriwa, aghlabu miezi 3 hadi 6, mfupa uishike. Ikisha shikwa, juu yake hufungwa kiungo, na juu ya kiungo hukazwa jino lenye rangi ya meno yako. Halitikisiki, na meno ya jirani hayaguswi, tofauti na lile liitwalo daraja ambalo huhitaji jirani zake wawili wapunguzwe ili walibebe. Ila avutaye tumbaku, na mwenye kisukari kisichotulizwa, mfupa wake huwa mzito wa kushika, na skrubu yaweza kutoka. Na kijana ambaye taya lake bado lakua hawekewi.

Nalielezwa haya yote nikiwa nimekaa juu ya kiti cha daktari Dar es Salaam. Nalifikaje huko? Habari ya watoto 9 ilipoenea, wazazi walikutana, na mmoja akasema zichukuliwe fedha za mabati ya chuo zilizokwisha changwa, Maalim atengenezwe meno, kwani chuo chenye mabati bila herufi kina faida gani? Maneno yalinigusa, lakini nilikataa. Fedha zile zilitolewa kwa mabati. Aliyetoa shilingi yake kwa paa hakutoa kwa kinywa changu, na wengine waliotoa walikuwa wamekwisha fariki, hatuwezi kuwauliza. Ndipo mwanafunzi wangu wa zamani, sasa fundi umeme huko Dar es Salaam, aliponiletea nauli. Tangu lilipofunguliwa daraja la Mkapa juu ya Rufiji mwaka 2003, safari ni ya siku moja. Zamani masika yalikuwa yakitufungia upande wetu wa mto.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akaniamkia, akatazama picha, akaniuliza, "Baba, umekaa na pengo muda gani?" Nikamwambia miezi 16. Akasema, "Mfupa umepungua. Taya likikosa jino, mfupa wa pale huyeyuka kidogo kidogo, na mwaka wa kwanza ndio hupungua zaidi. Itabidi tuongeze unga wa mfupa kabla ya kupandikiza."

Nikamwuliza, "Mwanangu, unga huo watoka wapi?"

Akanitazama vizuri, akasema, "Swali zuri, Baba. Upo wa ng'ombe, upo wa nguruwe, upo wa binadamu, na upo wa kutengenezwa usiotoka kwa kiumbe yeyote. Na ule utando wa kufunikia juu yake, mara nyingi ni wa nguruwe. Ukituambia mapema, tunachagua."

Ndugu zangu, hapa ndipo pa sharti nililolitaja. Imam Nawawi katika Minhaj ameandika juu ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi: akiwa amekosa kilicho tohara, huyo ana udhuru, ama akiwa alikuwa nacho, yampasa kukiondoa iwapo hachelei madhara. Mwaka aliofariki Imam Nawawi ni 1277, na maneno yake yaingia katika chumba cha daktari wa leo bila kupinda. Basi Mwislamu aendaye kupandikizwa jino aulize kabla ya sindano ya ganzi, aseme wazi, nataka kile kisichotoka kwa mnyama. Daktari hawezi kuotea. Na aliyekwisha wekewa bila kujua, asitie hofu moyoni wala asiende kung'oa. Aulize wanazuoni walio karibu naye.

Kisha nikaambiwa bei. Meno mawili pamoja na mfupa yalizidi mavuno ya mikorosho yangu ya miaka mitatu. Mwanafunzi wangu akasema atakopa. Nikamjua kwamba ana watoto wawili shuleni na nyumba ya kupanga. Nikamwambia asikope.

Nikauliza lililo chini ya hilo, nikafanyiwa meno ya kuvaa, kibao cha plastiki chenye rangi ya ufizi na meno mawili juu yake. Kwa haya ningeweza kuhudumiwa bila ya kusafiri mbali, lau ningeuliza mapema. Fundi wake alinifurahisha. Hakutazama uso wangu katika kioo kama nilivyodhani. Alinikalisha akasema, "Soma, Maalim," nami nikasoma thaa, dhaal, faa, thaa, dhaal, faa, naye anapunguza ncha za meno kidogo kidogo kwa tupa ndogo, mpaka pumzi ikapita pahali pake. Aliniambia hata kwa wasio Waislamu hutumia herufi ya faa kupima urefu wa meno ya mbele. Sikujua kwamba fundi wa meno na mwalimu wa tajwidi wana kazi moja.

Wiki mbili za mwanzo mate yalinijaa, na thaa ikapiga mluzi. Baadaye ulimi ukazoea. Meno haya si sawa na ya kupandikizwa, sitawadanganya. Nikitafuna nazi kavu hunyanyuka. Kila usiku huyavua na kuyaosha, kwani yakilala kinywani ufizi huchubuka. Katika udhu sina mashaka nayo, maana kusukutua kwetu Mashafii ni sunna, si faradhi. Kwa wafuatao madhehebu mengine, wako wanaoona kusukutua ni wajibu, basi na wawaulize wanazuoni wao. Wosia nimekwisha uandika: nikifa, kibao hiki kivuliwe kabla ya kuoshwa. Lakini aliyepandikizwa jino katika mfupa asiguswe, kwani kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai.

Sasa nikurudie wewe, kijana wa Msimbati. Usiuze mikorosho. Mikorosho ile ni urithi wa warithi wote, naye mama yako ni mmoja wao, ana thumuni yake. Mtu hauzi shamba la wenziwe hata kwa wema. Na mkorosho ukiuzwa hauoti tena mwaka ujao, bali jino la kuvaa likichakaa hufanywa jingine. Mpeleke mama kwanza hospitali ya Ligula atazamwe ufizi wote, maana aliyepoteza meno manne pengine ana mengine yanayocheza, na kupandikiza jino katika kinywa chenye ugonjwa ni kujenga juu ya mchanga wa maji kujaa. Apimwe na sukari. Ikiwa Mwenyezi Mungu atakufungulia riziki baadaye, na mfupa ukiwa wafaa, mpandikizie, wala usisikilize atakayekuambia kwamba mwanamke mzee hahitaji meno. Umeniandikia kwamba mama yako ndiye asomeshaye watoto wa kike wa mtaa wenu. Basi mwulize asomaje thaa. Muulize faragha, kwa adabu, kama alivyoniuliza mimi yule bibi. Na msichelewe, kwa ajili ya ule mfupa unaopungua.

Mimi nimerudi kusomesha, na baada ya kusikilizwa na masheikh wawili nimerudi kuswalisha. Wale watoto 9 iliwachukua muda kuacha nilichowafunza. Wanane wamekwisha nyoka. Yule wa bibi bado, akisoma kwa haraka, husema Kausar, kisha husimama mwenyewe, akanitazama kinywani, akarudia.

Wassalaam.